Zege ya dakika 74: hivi hizi programu za kuagiza chakula zinatuonaje?

Wakuu, nafungua huu uzi nikiwa na hasira, mnivumilie.

Jana nimetoka kazini, mvua hiyo, nikasema leo sitoki tena. Saa mbili kasoro dakika tano usiku nikaingia kwenye programu moja ya kuagiza chakula (jina naliweka kapuni). Zege (chipsi mayai) ya mayai mawili, kipapatio kimoja, kachumbari. Basi. Kwa jamaa wa kona hapa mtaani mzigo huo hauvuki 5,000. Kule 7,500, usafiri 2,500, halafu kuna kitu kinaitwa "gharama ya huduma" 700. Huduma ipi? Kubonyeza nimebonyeza mimi, kwa bando langu!

Nikaweka namba ya siri. Meseji ya kukatwa hela ikaingia hapo hapo, hiyo haijawahi kuchelewa hata siku mtandao unasuasua. Programu yenyewe inasema "malipo hayajafanikiwa, jaribu tena." Nijaribu tena na hela ya nani? Nikaenda huduma kwa wateja, nikakutana na roboti. Bonyeza 1 kama oda imechelewa, 2 kama imepungua, 3 kama unataka kuwapa nyota. Ya hela kuondoka na chakula kutojulikana haipo. Baada ya dakika ishirini oda ikaibuka yenyewe, wala hakuna aliyeniambia pole.

Kikaanza kile kipikipiki cha kwenye ramani. Wanaotumia wanakijua. Unakikodolea macho kama mpira wa penati. Kikaganda Bamaga muda mrefu, kikaruka, nikasikia simu.

"Bosi, nimefika."
"Umefika wapi, kaka?"
"Hapa ramani iliponileta."
"Uko karibu na nini?"
"Kuna ukuta."

Sinza nzima hii ya Dar, kuna ukuta! Nikamwambia nipo Sinza kwa Remmy, akacheka, "Si ungesema!" Ningesemea wapi, mkuu? Programu haina sehemu ya kuandika "kwa Remmy", inataka jina la barabara na namba ya nyumba. Remmy Ongala, yule mwanamuziki, amefariki tangu 2010 na mpaka leo kila konda anajua kwake ni wapi, ila programu yenye setilaiti haijui. Kijana simlaumu, alifika ameloa mpaka soksi, nikamwongezea buku.

Saa tatu na dakika tisa. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 wanatumia mifuko ya karatasi, sawa, sipingi, lakini karatasi na mvua wapi na wapi? Kitako kiliachia mlangoni, nikaudaka mzigo kwa goti. Kufungua boksi, mvuke wote umegeuka maji, chipsi zimelala kama zimefiwa. Kachumbari wameimwaga humo humo juu ya mayai, imeiva. Kijiti hakuna. Tomato sosi ipo, ile ya kipakiti ambacho hakichaniki mpaka uweke meno, kikichanika kinakurukia shati.

Sasa linganisheni na jamaa wa kona. Anapiga mayai kwenye kikombe, anayamwaga juu ya chipsi zilizotoka kwenye karai muda huo huo, chwaaa, halafu anakuuliza bila kukuangalia, "nikaushe?" Mimi napenda ikaushwe, ule ukingo wa kahawia unaolia chini ya jino, ndio ninaoulipia. Dakika kumi. Huna chenji, utaleta kesho. Yote hayo chini ya mwavuli wenye tundu, na simu yake ni ya kitochi.

Nikapiga picha lile boksi nikamtumia roboti. Majibu: vocha ya 1,000 kwa oda ijayo, mwisho wa kutumika saa sita usiku huo huo. Yaani nile zege mbili kwa usiku mmoja ili nifidiwe ya kwanza.

Kuna aliyewahi kurudishiwa hela na hawa watu? Alipita njia gani, kuna namba inayopokewa na binadamu? Leteni ushuhuda. Na wale wa "si upike mwenyewe mkuu", gesi iliisha Jumapili, pita kimya.