Mrejesho: Karo ya binti, mkopo wa Sacco au kulipa kwa awamu?

Ndugu zangu, niliuliza kama nichukue mkopo wa Sacco nilipe karo ya binti yangu ya chuo kikuu ya muhula mzima, au nilipe kwa awamu. Tumechagua awamu.

Aliyesema tungoje bendi (kundi analopangiwa mwanafunzi kulingana na uwezo wa familia) itoke kwanza, asante sana. Binti yuko bendi ya tatu: ufadhili wa serikali asilimia 50, mkopo wa HELB (bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu) 30, sisi nyumbani 20. Hiyo 20 ndiyo tumeigawa mara tatu; ofisi ya fedha ya chuo ilitaka barua tu yenye tarehe na sahihi yangu. Mama yake alitaka tukate rufaa tupewe bendi ya pili, ya familia zenye uwezo mdogo zaidi, lakini kwa duka tulilo nalo Kondele, Kisumu, nikaona tungejichosha bure.

HELB ni riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na husubiri amalize masomo. Sacco yetu inatoza zaidi, na makato yangeanza mwezi unaofuata.

Mkumbuke pia: pesa ya karo huenda chuoni moja kwa moja, ya matumizi ndiyo humfikia mwanafunzi. (Jirani yangu bado anabisha.)

Fomu ya basari ya NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge) tumerudisha. Majibu bado.