Tupeane uzoefu: uliyepima HSG (mirija), ilikuwaje? Semeni ukweli jamani

Bado Nangoja

Wapendwa habari zenu. Alhamisi napima HSG, kile kipimo cha mirija cha kuingiziwa dawa kwenye kizazi huku unapigwa eksirei, na niseme tu ukweli naogopa hadi usingizi umekata. Mwaka wa tatu huu tunatafuta, vipimo vya homoni vimetoka vizuri, ultrasaundi haina neno, daktari kasema sasa tuangalie mirija. Shida yangu kila ninayemuuliza ana lake, mmoja ananiambia ni kama tumbo la siku zako tu unashtukia imeisha, mwingine anasema bora azae mapacha kuliko kurudi pale kitandani. Sasa nimsikilize nani? Naomba waliopima WENYEWE waje, sio wale wa "kuna dada nasikia alizimia". Ulijiandaaje, uliumia kiasi gani, na majibu yalikuwaje. Asanteni.

Tausi wa Zamani

Nimepima mara mbili kwa hiyo nina haki ya kuongea hapa 😅

Kwanza siku. Hiki kipimo hakifanywi siku yoyote unayojisikia, wanataka damu ya hedhi iwe imekauka na yai liwe halijapevuka, kwa wengi ni kama siku ya 6 hadi ya 12 ukihesabu kuanzia siku ya kwanza ya kuona damu. Na kuanzia hedhi ianze mpaka upime hamkutani na mzee, sababu hawataki kumwagia dawa na mionzi mimba ambayo hata wewe hujui kama ipo. Mimi walinipima na mkojo wa mimba palepale japo niliapa hamna kitu.

Saa moja kabla nikanywa ibuprofeni, niliambiwa na daktari mwenyewe (kama una vidonda vya tumbo au pumu muulize kwanza akupe nyingine). Nikaingia, nikavua huku chini, nikapanda kwenye meza ya eksirei, ngumu hiyo na baridi kama sakafu, unalala kama mtu anayejifungua. Anaweka kile chuma cha mdomo wa bata, anasafisha shingo ya kizazi na dawa ya kahawia ya baridi mpaka inakutiririkia huku nyuma, halafu anapitisha kampira kembamba. Mpaka hapo kero tu, maumivu hamna. Daktari akasema haya sasa naingiza dawa. Hapo ndipo penyewe. Tumbo likanikaba chini ya kitovu, lile la siku ya kwanza ya hedhi ila lenyewe linakuja kwa mkupuo bila kubisha hodi, likapanda likakaa pale kama nusu dakika naona refu, likashuka. Nesi alikuwa ananiambia pumua mama pumua, kumbe nilikuwa nimebana pumzi tangu mwanzo na ndio inazidisha.

Ila kitu kimoja sikukitegemea, skrini ilikuwa upande wangu nikawa naona. Kizazi kinajaa cheupe kama pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini, mara vikatoka vijiuzi viwili huku na huku vyembambaaa, halafu mwisho wa uzi ile dawa ikaanza kusambaa kama moshi. Daktari akasema umeona, ule moshi ndio tunautafuta, dawa imemwagika nje maana yake mrija uko wazi. Nililia jamani, na sio kwa maumivu.

Kimya Kingi

Mi sikusikia kitu cha maana. Dakika kumi nimevaa nimeondoka nimepitia kazini. Usijitishe.

Mwana wa Subira

Hongera yako Kimya Kingi ila wengine tuliipata. Nitasema kama ilivyo maana mwenye mada kaomba ukweli.

Mimi dawa ilipoingia haikupita. Daktari akaongeza kidogo, nikahisi kizazi kinataka kupasuka, sio kubanwa ni kupasuka, mpaka bega likauma na kichefuchefu juu, jasho likanitoka kwenye viganja. Nikamwambia simamisha, na alisimamisha palepale, kwa hiyo mjue mnaruhusiwa kusema simamisha, usikae umeng'ata meno kama unaonewa. Majibu: mirija yote miwili imeziba mwanzoni kabisa pale inapotokea kwenye kizazi. Nilitoka pale nimekufa. Nikampigia mama simu nikamwambia mama mi sizai.

Sasa sikieni, daktari wa pili kuniona akaniambia ngoja kwanza, mrija ukiogopa unajibana. Ndio alivyosema, unaogopa, ule msuli wa pale mwanzoni unaweza kujikaza kwa maumivu au wasiwasi, kwenye picha unaonekana umeziba kumbe umekunja ngumi tu. Akanipeleka laparoskopi, ile ya kutobolewa vitundu tumboni ukiwa umelala usingizi wa dawa, wakapitisha rangi ya bluu huku wanaangalia na kamera. Wa kulia ukapita vizuri kabisa. Wa kushoto kweli umekufa. Yaani ningebaki na lile jibu la kwanza ningekuwa nimejizika mzima. Kwa hiyo dada usipokee "imeziba" ya HSG kama hukumu, hasa kuziba kwa mwanzoni, ulizia kipimo cha kuthibitisha.

Fundi Picha

Mimi kazi yangu iko humohumo chumba cha eksirei, nawasaidia madaktari kupiga hizi picha, ngoja niweke machache.

Maumivu yanapishana kwa sababu ya msukumo. Dawa ikipata njia msukumo unashuka, ikikosa njia inatanua kizazi na hapo ndipo mtu analia. Lakini msigeuze iwe kanuni eti ukiumia umeziba, nimeona wa mirija safi wakipiga kelele na wa mirija iliyoziba wakipiga stori. Kuna shingo ya kizazi ambayo inabidi ishikwe na koleo ndogo, hapo utaambiwa kohoa, unakohoa anabana, kinachoma kidogo basi. Kuna kampira kenye kiputo kinajazwa ndani ili dawa isirudi, hicho nacho kinabana.

Mambo ya kusema KABLA hujapanda mezani: kama ulishapata mzio wa dawa za picha au ayodini, kama una uchafu unaonuka au maumivu ya nyonga sasa hivi (kipimo kitaahirishwa, ukisukuma dawa kwenye maambukizi unayapandisha juu), na kama ulishawahi kuugua PID (maambukizi ya kizazi na mirija), hapo wengi wanakupa antibayotiki. Mionzi ni kidogo, hiyo msiwaze sana.

Baadaye mtavuja kitu cha kunata kimechanganyika na damu kidogo, siku moja mbili, vaeni pedi. Ukiona homa, harufu mbaya, au maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, usisubirie asubuhi, rudi.

Bado Nangoja

@Fundi Picha asante sana yaani umenitoa gizani. Eti ni kweli watu wanashika mimba baada ya hiki kipimo?

Fundi Picha

Kuna ukweli hapo. Mwaka 2017 ulitoka utafiti mkubwa wa Uholanzi, wanawake zaidi ya 1,100, wakalinganisha dawa ya maji na dawa ya mafuta. Ndani ya miezi sita waliotumia ya mafuta walioshika mimba na ikaendelea walikuwa karibu 40 kwa kila 100, wa maji 29. Ila hao walikuwa wanawake wa chini ya miaka 39 ambao hawakuwa na dalili kubwa za kuziba, na sio kila sehemu wanatumia ya mafuta. Uliza tu wanatumia ipi.

Nimechoka na Maswali

Mie langu ni malalamiko. Hospitali siitaji. Nilipangiwa tarehe na mtu wa mapokezi, hakuniuliza hedhi yangu lini wala nini, nimeomba ruhusa kazini, nimefunga na kula toka usiku (kumbe hata haikuhitajika), nafika ndani daktari anauliza leo siku yako ya ngapi namwambia ya 19, anafunga faili. Rudi mwezi ujao. Hivi anajua mwezi mmoja kwa mtu anayetafuta mtoto ni mrefu kiasi gani?

Mwezi uliofuata nikarudi, safari hii kwenye chumba kuna wanafunzi wanne wamesimama miguuni kwangu hakuna aliyeniuliza kama naridhia. Nikawaambia tokeni. Sauti ilinitetemeka lakini nilisema na walitoka. Kipimo chenyewe wala hakikuniuma kama kile kitendo.

Majibu mirija imejaa maji. Nikaelezwa maji yale yanarudi kwenye kizazi na yanaharibu hata ukipandikiza, kwa hiyo inabidi mirija itolewe au ifungwe ndio nifanye IVF, ile ya kutungisha mimba maabara halafu wanaipandikiza. Kutoa mirija ili upate mtoto, akili inakataa kabisa mwanzoni. Chanzo walisema huenda maambukizi ya zamani, klamidia, na mimi sijawahi kuumwa hata siku moja nikajua. Ndio ilivyo, inapita kimyakimya inakuachia makovu. Nimepangiwa operesheni, nikitoka nitaleta mrejesho.

Baba Bado

Naomba wanaume tuingie kidogo na sisi. Mke wangu alipima HSG, damu ya homoni mara tatu, akapigwa ultrasaundi ya ndani mara sijui ngapi, mwaka mzima, mimi nimekaa nabeba mkoba wake. Siku moja daktari ananiangalia anasema na wewe mzee ulishapima? Nikanyamaza. Mke wangu pia akanyamaza, ile kimya yake naikumbuka mpaka leo.

Kipimo changu sasa, cha mbegu. Unakaa siku mbili hadi saba bila kutoa, halafu unapewa kikopo chenye jina lako unaonyeshwa chumba. Hamna maumivu wala chuma cha bata. Kuna aibu tu, mlango wenyewe haufungi vizuri, nje watu wanaitana kwa majina, we mwenyewe unajikuta unasoma tangazo la kunawa mikono ukutani mara ya sita na kazi haijaanza. Nikashindwa. Nikaruhusiwa kwenda kutolea nyumbani, sharti kifike ndani ya saa moja na kisipoe, nikakiweka kwapani kwenye koti nikaendesha kama nimebeba yai. Na usimwage hata tone la kwanza, lile ndilo lenye mbegu nyingi.

Majibu milioni 4 kwa mili, wakati kiwango cha chini wanachotumia ni 16. Wakanirudisha kupima tena baada ya miezi mitatu sababu mbegu zinachukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, homa moja tu ya nyuma inaweza kuvuruga. Ya pili ikaja 5. Kwa hiyo tatizo lilikuwa kwangu muda wote ule mke wangu analala kwenye ile meza. Akina baba pimeni MWANZO, ni kikopo tu kile.

Tausi wa Zamani

@Baba Bado Mungu akubariki kwa kusema, wangapi wanaweza. Mimi ile mara ya pili nilipima baada ya kuachika, na mwenzangu hakuwahi kushika hicho kikopo. Basi.

Mwana wa Subira

@Bado Nangoja mpendwa kesho ndo kesho, vaa gauni au sketi, usivae suruali ya kubana, na uende na mtu wa kukurudisha kuna wanaopata kizunguzungu wakisimama. Tupo.

Bado Nangoja

Nimerudi 🙋🏾‍♀️

Haya. Nilikunywa dawa, nikaenda na wifi yangu maana mume yuko safari, nikavaa dera. Nilimwambia daktari kabla hajaanza kwamba mimi ni mwoga na nikisema simamisha asimame, akacheka vizuri tu akasema utakuwa unahesabu na mimi. Chuma kikaingia, kampira kakaingia, nikakohoa. Dawa ilipoingia nikaanza kuhesabu kwa sauti, kufika kumi na mbili nilikuwa nimemshika nesi mkono sijui niliushika saa ngapi, maumivu yapo jamani asikudanganye mtu, kwa kumi nitayapa sita, kufika ishirini na tano yakaanza kuachia. Wakanigeuza ubavu huu, wakanigeuza ule, picha, kwisha. Nilikaa kwenye kiti nje dakika ishirini miguu inatetemeka, wifi ananinunia kwa nini sikumwita aingie.

Nilisahau kuangalia skrini! Nilifumba macho mwanzo mwisho 😭

Majibu: kulia moshi umetoka. Kushoto dawa imeishia mwanzoni haikuendelea, daktari mwenyewe kabla sijamuuliza akasema inawezekana umejibana tu, tutaangalia tena. Nikamwambia najua, umekunja ngumi. Akanitazama akauliza umesoma udaktari wewe?

Na mume wangu nimeshamtumia ile meseji ya Baba Bado yote kama ilivyo. Alama mbili za bluu zimetokea tangu saa nane, bado hajajibu. Nimebadilisha pedi ya pili, inanata kweli kama mlivyosema, naenda kulala.

Baba Bado

Atajibu. Mpe mpaka kesho, mimi ilinichukua wiki.