Umeme wa Lubumbashi: nyuklia, Inga au sola? Tulinganishe

MamaSamaki_Katuba
Ndugu zangu, naomba tulinganishe bila kutukanana. Mimi nauza samaki wa baridi hapa Katuba. Juzi delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, ilikaa siku mbili: katoni tatu nimetupa, ya nne nimewagawia majirani kabla haijanuka. Kijana wangu wa chuo ananiambia, "Mama, sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, pale karibu na Likasi, na sisi tuko gizani." Basi, kati ya nyuklia, Inga (umeme wa maporomoko ya Mto Kongo) na sola, kipi kingetufaa huku kusini mwa Kongo? Na kipi hakizidishi hili joto? Maana mvua nazo siku hizi zinakuja zinapotaka.

Kamba_ya_Umeme
Mama, pole. Tuanze na hewa ya ukaa. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi lilitoa makadirio mwaka 2014, wakihesabu tangu kujenga mtambo hadi kuubomoa. Kwa kila kilowati-saa, makaa ya mawe hutoa kama gramu 820, gesi 490, mashamba makubwa ya sola 48, maji 24, nyuklia 12. Hapo nyuklia haina deni na mtu.

Deni lake liko kwenye ukubwa. Misri wanajenga vinu vinne vya nyuklia pale El Dabaa, kila kimoja megawati 1,200. Kongo nzima tuna mitambo ya takriban megawati 3,000, na si yote inayozunguka. Sisi mafundi tuna kanuni: mtambo mmoja usizidi kama sehemu ya kumi ya gridi, yaani mtandao mzima wa umeme, kwa sababu siku ukizimika ghafla, gridi yote inaufuata. Kinu kimoja cha namna hiyo kingekuwa zaidi ya theluthi ya umeme wetu wote.

Kijana_Kenya
Nyuklia! Kabini (transfoma) ya mtaa wetu hapa Kenya, kata ya Lubumbashi, imeungua tangu Pasaka, tumechangishana wenyewe pesa ya mafuta yake. Waanzie hapo.

Mzee_wa_Likasi
Wanangu, Shinkolobwe msiitaje kwa majivuno. Ilifungwa kwa amri mwaka 2004, na mwaka huohuo ikawaporomokea wachimbaji waliokuwa wakiingia kwa siri. Halafu kinu si kitu kigeni kwetu. Trico ya kwanza, kinu chetu, iliwashwa Kinshasa mwaka 1959, ya kwanza Afrika nzima, ya pili ikafuata 1972. Vilikuwa vya utafiti, havikuwasha hata taa ya barabarani. Fimbo mbili za mafuta ya nyuklia, yaani uraniamu yake, ziliibwa kule, na moja ilikuja kukamatwa Italia mwaka 1998. Kwa hiyo kabla ya kuniuliza megawati ngapi, niambieni funguo atashika nani.

Na jiwe peke yake halichemshi maji. Katika uraniamu ya ardhini, ile aina inayopasuka ni asilimia 0.7 tu; vinu vingi vinataka 3 hadi 5, na kazi ya kuipandisha hatuna. Tungeuza mbichi tukanunua iliyopikwa, kama tunavyofanya na kobalti.

Binti_wa_Fizikia
Shikamoo mzee. Ya funguo nakubali. Lakini maji nayo yana usaliti wake. Mwaka 2024 ukame ulishusha ziwa la bwawa la umeme la Kariba, Zambia wakalala gizani, na migodi ya huku inayonunua umeme kwao ikaonja. Kinu hakisubiri mvua. Ujerumani walizima vinu vyao vitatu vya mwisho tarehe 15 Aprili 2023 huku bado wanachoma makaa ya mawe. Kwa mtu anayeogopa joto la dunia, mimi naona walianza kuzima upande usiofaa.

Kamba_ya_Umeme
Binti, kinu nacho kinakunywa. Kiangazi cha 2022 Ufaransa ilibidi wapunguze nguvu ya baadhi ya vinu kwa sababu mito ya kuvipoza ilikuwa imepata joto mno.

Kuna jambo ambalo huwa halisemwi. Kinu kikizimwa, bado kinachemka ndani, na pampu za kukipoza zinataka umeme. Fukushima, Japani, mwaka 2011 vinu vilijizima vizuri tu baada ya tetemeko. Kilichoviangamiza ni maji ya bahari kuzamisha jenereta za akiba. Sasa niwekee kitu kama hicho kwenye mji wa delestaji.

Inga ndiyo ninayoitetea. Mto Kongo unavuka ikweta mara mbili: kaskazini kukikauka, kusini kunanyesha, ndiyo maana hauyumbi kama mito yetu ya huku, Lufira au Lualaba. Inga ya kwanza ni ya 1972, ya pili 1982, jumla kama megawati 1,775, wakati pale pangeweza kutoka 40,000. Ubaya ni njia. Waya unasafiri kilomita 1,700 hivi hadi Kolwezi, mji wa migodi huku kwetu, unapita juu ya vijiji vinavyowasha koroboi.

Sola_Ruashi
Mimi nafunga sola, kwa hiyo nipunguzieni imani kidogo. Kuyeyusha shaba kwa sola na betri peke yake, hapana. Frigo ya mama, ndiyo. Mei hadi Oktoba jua letu halina mawingu. Masika ndiyo shida, Januari wateja wananipigia simu kila siku. Dawa ni betri kubwa, na hapo ndipo pesa inapoishia.

MamaSamaki_Katuba
Nimewasoma wote, hata yule wa kabini. Katika gramu zenu sijaona makala, yaani mkaa wa kupikia. Umeme ukikata, mtaa wetu wote tunapikia makala, na miti inakwisha: zamani gunia lilitoka hapo nje ya mji tu, sasa muuzaji anasema anasafiri siku nzima kulifuata. Hiyo nani anaihesabu?

Sola_Ruashi, kesho asubuhi nipo. Frigo ni mbili, na bati la nyumba ni la zamani, sijui kama litabeba.

Sola_Ruashi
Nitakuja na ngazi, mama. Usimwache mtoto akaniambia kwamba umekwenda sokoni.