CV haiitiwi usaili: steshenari, Canva au kuandika mwenyewe kwenye Word?

Itende_Juu: Wakuu, habari za jioni. Stashahada ya kilimo ipo, field ipo, uzoefu wa kusaidia ghala la pembejeo hapa Mbeya upo, lakini maombi yanakwenda na simu haiji. Nimebaki na njia tatu: kupeleka CV steshenari Mwanjelwa wainyooshe, kutumia templeti ya rangi ya Canva (ile programu ya mtandaoni ya kubuni kurasa), au kuiandika upya mwenyewe kwenye Word. Ipi ina nafuu?

Msaili_Iringa: Word, mkuu.

Steshenari nyingi hufungua faili la mteja aliyetangulia, hufuta jina na kuweka lako. Matokeo yake mwajiri anakutana na "lengo" lile lile kwenye kila CV: mchapakazi, mwaminifu, anayejituma. Anayechambua bahasha nzima ya maombi analiruka. Wakati mwingine hata namba ya simu ya mteja wa jana inabaki humo, na hapo hata ukichaguliwa hupatikani.

Canva inapendeza machoni, ila zile safu mbili zina kasoro. Kampuni zinazopokea maombi kwa mfumo hutumia programu inayosoma maandishi, na safu mbili huweza kuchanganywa zikawa sentensi zisizoeleweka. Maandishi yaliyo ndani ya picha huenda yasisomwe kabisa. Ipime hivi: fungua PDF, chagua maandishi yote, nakili, bandika kwenye Notepad. Yakitoka yamevurugika, ujue ndivyo yanavyofika. Na vile vimistari vya "Kompyuta asilimia 80" viondoe, havimwambii mtu unaweza kufanya nini.

Safu moja, Arial au Calibri saizi 11, kurasa mbili, basi.

Mwana_Tukuyu: Sawa kabisa, ila Word haitamsaidia kama maneno ni yale yale. Chukua mstari huu: "Nilikuwa msaidizi wa ghala." Mwajiri hajui ulikuwa unafagia au unatunza leja. Uandike: "Nilipokea na kutoa mbolea na mbegu, nilijaza leja kila siku, nilishiriki kuhesabu mzigo kila mwisho wa mwezi." Kisha tia namba: mifuko mingapi kwa wiki, wakulima wangapi msimu wa kupanda. Iwe namba ambayo msimamizi wako akipigiwa simu ataithibitisha, maana ya kubuni hukuumbua kwenye usaili.

Halafu usitume CV moja kila mahali. Tunza CV ndefu yenye kila kitu, na kila tangazo ukate humo. Kampuni ya parachichi Rungwe au Njombe ikitaka mtu wa kuzungukia wakulima, field inakaa juu, pamoja na leseni ya pikipiki kama unayo. Duka la pembejeo likitaka mtunza ghala, leja ndiyo inapanda.

Mafinga_Steshenari: Ndugu zangu, msituweke wote kapu moja. Njoo na maneno yako kwenye flashi, sisi tupange na kuskani vyeti. Ondoka na faili la Word, siyo PDF peke yake, la sivyo kila marekebisho utayalipia upya. Na kabla hujanyanyuka, toka kwenye barua pepe yako na ufute vyeti vyako kwenye kompyuta ya duka.

Dada_Soweto: Kwa kazi za serikali, kaka Itende, urembo wa CV hausaidii kitu. Kwenye Ajira Portal, mfumo wa serikali wa kuombea kazi mtandaoni, unajaza vipengele mwenyewe, na wengi hukwama kwenye viambatisho: vyeti visivyothibitishwa, barua isiyo na sahihi, wadhamini wawili wakati tangazo linataka watatu. Hati ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita haikubaliwi badala ya cheti. Jina likitofautiana kati ya NIDA, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule, shughulikia hati ya kisheria ya majina kabla ya kuomba.

Msaili_Iringa: Nyongeza kwa wanaotuma kwa barua pepe: kichwa kiwe jina la nafasi na namba ya tangazo. Barua, CV na vyeti viungwe kwenye PDF moja kwa mpangilio huo, isipokuwa tangazo limesema vinginevyo. Faili lipewe jina lako na nafasi. "CV mpya final 3" likishapakuliwa halijulikani la nani. Vyeti viskaniwe, maana picha za simu hufanya faili kuwa zito na barua pepe hugoma kupokelewa.