Naomba ushauri: binti yangu amekwama kwenye Kilatini

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Tunaishi Ujerumani, binti yangu yuko darasa la saba. Mwaka jana alitakiwa kuchagua Kifaransa au Kilatini, akachukua Kilatini kwa sababu ya hadithi ya Romulus na Remus, wale mapacha walionyonyeshwa na mbwa mwitu. Mambo ya Warumi, mabafu yao, miungu yao, anayaweza sana. Sarufi ndiyo inayomtoa jasho.

Anatafsiri kwa kufuata mpangilio wa maneno. Juzi kwenye "Canem puer vocat" kaandika eti mbwa anamwita mvulana, kumbe ile -em inaonyesha mbwa ndiye anayeitwa. Tumetengeneza vikadi vya msamiati, anavikariri vizuri, ila herufi za mwisho haziangalii kabisa. Nikajaribu kumlinganishia na ngeli zetu, akacheka tu. Kiswahili chenyewe anakiongea kwa kubahatisha.

Mliosoma Kilatini, hasa mliopitia seminari: mlijizoezaje kutazama mwisho wa neno kwanza? Na je, akariri majedwali yote ya nomino sasa hivi, au aende moja moja? Mtihani uko wiki mbili zijazo.