Nimepima darasa zima, waliozidi uzito ni wawili tu. Nimekosea wapi?

Ticha_Ilemela: Wakuu habari za jioni. Mimi mwalimu wa afya, shule ya binafsi huku Ilemela. Nimepima darasa la tano, watoto 43, nikapiga BMI, kipimo cha uzito kulinganisha na urefu: kilo gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Waliovuka 25 ni wawili. Macho yangu yanakataa. Kuna binti katimiza miaka 10 mwezi huu, mita 1.40, kilo 39, kifungo cha sketi hakifungi tangu Januari, hesabu inampa 19.9. Eti yuko sawa! Na mkuu kashaandika kwenye ripoti ya wazazi "hakuna tatizo".

Nesi_Sengerema: Mwalimu, 25 ni ya watu wazima. Mtoto anasomwa kwa umri na jinsia. Chukua majedwali ya WHO ya 2007, miaka 5 hadi 19. Msichana wa miaka 10 kamili akipita 19.0 uzito umezidi, akipita 22.6 ni kiribatumbo, yaani unene uliopindukia. Mvulana ni 18.5 na 21.4. Umri hesabu kwa miezi, toka kwenye cheti cha kuzaliwa. Wamarekani wana jedwali lao, ukichanganya utapata idadi nyingine kwa watoto walewale.

Muuza_Dagaa: Mie si daktari, niko Mwaloni Kirumba. Mzani uliuweka wapi?

Ticha_Ilemela: Ofisini, juu ya zulia.

Muuza_Dagaa: Hahaa! Zulia linakula kilo, dada. Weka kwenye saruji, na kwanza pandisha jiwe la mizani lenye muhuri wa Wakala wa Vipimo. Hapa ukipimia gunia mchangani mteja anaondoka bila kuaga.

Ticha_Ilemela: Nimerudia leo. Jiwe la kilo 20 kwenye zulia limesoma 18, kwenye saruji 20. Aibu. Viatu na masweta nimevua wote. Yule binti sasa ni 1.38 na kilo 41, yaani 21.5. Kwa jedwali wamefika tisa.

Nesi_Sengerema: Safi. Ila tisa hao ni wa darasa lako, usiandike "watoto wa Mwanza". Wako wanashushwa na basi getini, wa Igombe wanatembea. Ukitaka ya wilaya nzima, shule zote, za serikali na za binafsi, ziingie kwenye kura ya kuchagua za kupimwa. Na matokeo mpe mzazi peke yake, usisome darasani.

Ticha_Ilemela: Sawa dada. Ripoti ishapigwa muhuri, kesho asubuhi naanzia kwa mkuu.