Nimebebesha pasheni 10, saba zimekauka. Nakosea wapi?

Mama Bustani: Wakuu, habari za leo. Niko Tengeru, Arusha. Pasheni zangu za zambarau zimekufa mara ya pili. Mmea una matunda, ghafla unanyauka wote. Ukipasua shina pale chini, ndani ni kahawia. Nikashauriwa nibebeshe, yaani kikonyo (kipande cha tawi) cha zambarau nikiunganishe juu ya mche wa pasheni ya njano. Kati ya miche 10, saba vikonyo vimekuwa vyeusi. Mitatu imechipua, nimeshaihamishia bustanini.

Fundi Kitalu: Pole dada. Huo mnyauko unakaa udongoni, na mizizi ya njano ndiyo inayouhimili. Vikonyo ulikata lini, na ulifunikaje?

Mama Bustani: Nilikata jioni kwa shemeji, nikabebesha kesho yake mchana. Nilifunga nailoni kwenye kiungo tu. Majani mawili niliyaacha yakilishe kikonyo.

Fundi Kitalu: Umejijibu mwenyewe. Kikonyo hakina mizizi, majani yanakikausha tu. Yaondoe yote, bakiza macho mawili matatu. Kata asubuhi, viringisha kwenye kitambaa kibichi, bebesha siku hiyohiyo. Kisha chukua nailoni ya barafu, ile ndefu nyembamba, kivishe kikonyo chote mpaka chini ya kiungo, ufunge. Weka kivulini. Chipukizi likianza kusukuma nailoni, fungua kidogo kidogo.

Kijana wa Mjini: Mi nanunua miche iliyobebeshwa tayari, shida ya nini?

Mkulima Njoro: Usimsikilize huyo 😄 Dada, kwanza kagua mimea ya shemeji. Matunda yakiwa magumu, yamepinda, ganda nene, hivyo ni virusi, na vitahamia kwako pamoja na kikonyo. Njano haikuokoi hapo. Kisu nacho ukifute kwa spiriti kila mche.

Mama Bustani: Ya shemeji ni mazuri, namshukuru Mungu. Ila ile mitatu niliifukia mpaka juu ya kiungo, upepo usiivunje...

Fundi Kitalu: Toa huo udongo leo! Zambarau ikigusa ardhi inaota mizizi yake, mnyauko unapita humohumo. Kiungo kikae juu kabisa. Upepo ufungie kijiti. Na kinachochipua chini ya kiungo kinyofoe, hiyo ni njano.

Mama Bustani: Nimefukua sasa hivi. Mmoja ulishatoa vizizi viwili vyeupe, vyembamba kama uzi wa cherehani. Nimevikata kwa wembe. Jumamosi narudi kwa shemeji. Nailoni za barafu ninazo, wanangu wanauza ubuyu.